Mifuko ya Mchanga Juu ya Bawa

Nikutegee, mjukuu wangu: ana mabawa lakini hajaruka, ana tumbo lakini hajabeba mtu, na tayari wanataka kumzika. Unakuna kichwa? Ni ndege ya majaribio, ile ndogo ya kubebea watu na mizigo mahali pasipo barabara, iliyokuwa ikiundwa kwenye karakana moja huku Stockholm.

Onésime, fundi wa Bukavu, Kongo, anayekaa Akalla, mtaa wa pembeni mwa jiji, aliipenda kama mwanawe. Kaka yake Aristide alifia kwenye ndege ya namna hiyo, iliyojazwa kupita kiasi.

Siku ya kupima bawa, karatasi ilisema mifuko arobaini ya mchanga. Onésime akaipanga yote. Bawa likainama, likavumilia. Ikafika saa ya mapumziko ya kahawa, wenyewe huiita fika, na Waswidi hawaiachi hata nyumba ikiungua. Wote wakatoka. Yeye akabaki akilitazama bawa. Kwao Kongo rubani hamkatai mama mwenye gunia lake, hata karatasi iseme nini. Akaongeza mfuko mmoja, akaongeza wa pili, mpaka sita. Kwaa! Bawa likakatika, mifuko ikapasuka, mchanga ukatapakaa sakafuni.

Felicia, mkubwa wao, akaja mbio. "Onésime, juu palikuwa na mifuko mingapi?"

Alikikumbuka kibarua chake, akamkumbuka mkewe, Mama Bonheur, na watoto. Kimya chake wakakiandika arobaini.

Basi lawama zote zikamwangukia Kipchumba, Mkenya aliyeliunganisha lile bawa. Wiki nzima Onésime alirudi nyumbani na chakula chake cha mchana hakijaguswa. Jumatatu wakaitwa mkutanoni. Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni, na nje giza totoro.

"We Mkongo, mbona umenyauka?" Kipchumba alimtania mlangoni. "Anayefutwa ni mimi, matanga unakaa wewe?"

Onésime akampita, akaketi kiti cha nyuma.

Felicia akasoma taratibu: bawa limeshindwa na mzigo wake, kazi imesimamishwa, ndege itakatwakatwa. Kipchumba arudishe funguo leo.

Kipchumba akaikunja kofia yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Nililiunganisha vizuri," alisema. "Haki ya Mungu, vizuri kabisa."

Onésime akasimama.

"Madame Felicia, siku ile uliniuliza mifuko."

"Ndiyo?"

"Arobaini na sita. Arobaini bawa liliibeba. Sita niliongeza mimi, mlipokuwa kwenye kahawa."