Kambare Katikati ya Uwanja

Kambare alikuwa amelala katikati ya uwanja, karibu kabisa na mahali ambapo mjomba wangu angesimama kurusha mpira, akipumua kwa utulivu wa mtu aliyelipa kiingilio. Maji ya mfereji ndiyo yaliyomleta, na maji yaleyale yakamwacha. Katika viumbe wote waliofika Georgetown kwa ajili ya ile mechi ya kriketi ya siku tano, ni yeye peke yake aliyeufaidi uwanja.

Mwaka umepita tangu siku hiyo, na bado nikiikumbuka nasonya. Kambare hana kosa. Nawazungumzia wenye tai.

Niruhusuni nieleze, kwa unyenyekevu niliofundishwa bwenini, jinsi mechi ile ilivyopangwa. Kamati ya ratiba ilikutana hotelini, kwenye kisiwa ambacho sitakitaja kwa kuwa nina adabu. Miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka walikwisha kuiuza kwa mashindano ya mchezo mfupi, yale ya fataki na wacheza ngoma. Septemba, ambayo kwetu ni kavu kama mfupa, waliiona ina joto mno kwa ngozi za wafadhili. Ikabaki Juni. Visiwani, mwezi wa Juni mvua ndiyo kwanza inabisha hodi. Kwetu Guyana imeshaingia, imekula, na imelala kitandani mwako. Sisi tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka, wao wana mmoja. Nao walichukua kalenda ya visiwa wakatutandikia kama shuka la kitanda kidogo.

Mwenyekiti wao, Bwana Crichlow, alipoulizwa redioni alijibu kwamba kamati ilizingatia wastani wa mvua wa kanda nzima. Wastani! Hata bwenini tulikuwa tunaoga kwa wastani: mwenzangu Gopaul alioga mara mbili, mimi nikapumzika. Mwalimu wa zamu hakuwahi kuukubali wastani huo.

Yote hayo yangebaki kichekesho kama si Mjomba Hardat.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzungusha kutoka Berbice, kwenye mashamba ya miwa. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa linatajwa, kisha linaachwa, kama mgeni anayeambiwa "karibu chai" na mtu anayefunga mlango. Nywele za kando zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe siku mrushaji mwingine alipovunjika kidole, naye akaitwa. Kila mtu alijua, na yeye kwanza, kwamba hakutakuwa na mwito wa pili.

Sheria ya mechi kubwa ni hii: nahodha akirusha sarafu ya kuamua nani aanze, basi mechi imechezwa, hata kama mvua itashuka kabla sarafu haijarudi mfukoni. Jina lako linaingia miongoni mwa waliowahi kuchezea timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi na sisi wa bara. Sarafu isiporushwa, mechi haikuwahi kuwepo, na wewe hukuwahi kuwepo ndani yake. Mjomba hakuwa anaomba ushindi. Alikuwa anaomba sarafu.

Mkuu wa shule, Padri Menezes, alinipa ruhusa nikakae na Bibi kwenye jukwaa la familia, huku akinionya nisimletee matata. Asubuhi ya kwanza Mjomba alivalishwa kofia ya timu, nyekundu kama divai, mbele ya wenzake waliompigia makofi. Kisha mvua ikanyesha. Ikanyesha kesho yake. Ikanyesha keshokutwa. Mjomba alikaa kwenye baraza ya wachezaji na kofia yake kichwani, akiangalia uwanja ukigeuka ziwa, na kila mara tulipokutanisha macho alinipungia mkono kama mtu aliye ndani ya basi lisiloondoka.

"Avue hiyo kofia apate hewa," nilimwambia Bibi.

"Wee mwache," alisema Bibi. "Nimemzaa mwenyewe. Akiivua sasa, haivai tena."

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, mawingu yalipasuka na jua likatoka na hasira zake zote. Mabati yalifuka mvuke. Mwamuzi mkuu akatangaza: ataukagua uwanja saa kumi, na kama maji yamepungua, sarafu itarushwa. Jukwaa zima likainuka. Bibi alinishika mkono akanibana mpaka pete zake zikaniachia alama.

Bahari ilikuwa inashuka saa hizo. Anayeishi Georgetown hahitaji kuambiwa maana yake: mji umelala chini ya usawa wa bahari, na maji hutoka kwa njia moja tu, kupitia koka, lile lango la mbao la kwenye mfereji linaloinuliwa bahari ikiwa chini na kufungwa ikipanda. Basi tukangoja maji yashuke. Jua likawaka, bahari ikarudi nyuma, na maji ya uwanjani yakakaa palepale, yametulia kama mchuzi uliosahauliwa.

Nikashuka kwenda kwenye koka. Mlinzi wake, Bwana Alphius, alikuwa ameketi juu ya ndoo, mnyororo wa lango umelala miguuni pake.

"Mzee, mbona hufungui?"

"Nimekatazwa, kijana."

"Na nani?"

Alielekeza kidevu upande wa pili wa mfereji. Pale lilisimama hema jeupe la wafadhili, viyoyozi vinanguruma, vijiko vinagongana. "Maji yakiondoka, tope linabaki wazi. Tope letu unalijua. Mwenyekiti kasema wageni wake wanakula, hataki harufu. Nifungue wakishamaliza."

"Na bahari itawangoja wamalize?"

"Bahari haijaalikwa," alisema Bwana Alphius, na akatema mate mferejini.

Sijui kama mmewahi kuona mtu akila kamba wa kukaanga huku maisha ya mjomba wenu yamefungwa na mnyororo ili asikose hamu ya kula. Kinyaa kilinipanda mpaka kwenye meno. Nikafunga vizuri tai ya shule, nikabana kifungo cha koti, nikazunguka nyuma ya hema kwa muda unaostahili, kisha nikarudi kwa Bwana Alphius nikiwa mtu mwingine.

"Salamu za Mwenyekiti," nilisema. "Wageni wamefikia matunda. Anasema inua."

Aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Kakutuma wewe?"

"Unaona tai?"

"Naiona," alisema, na tayari alikuwa ameushika mnyororo. "Tai ikisema, mimi ni nani?"

Lango likapanda likilia. Maji yalisita, kisha yakaondoka kwa kishindo. Tope likajitokeza, jeusi, linalong'aa, na likatoa harufu yake yote ya karne nzima. Hema likatapika watu. Niliona mabibi wenye kofia pana wakikimbia na leso puani, na Bwana Crichlow nyuma yao, mguu wa kamba bado umemning'inia mdomoni.

Na huko uwanjani, nyasi zikaanza kuonekana. Kwanza ncha, halafu mabaka, halafu kijani kizima. Mjomba alikuwa amesimama. Alikuwa anazungusha kidole hewani, peke yake, akikumbuka mpira.

Saa kumi mwamuzi mkuu akatoka. Manahodha hawakuwa naye. Kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya Bwana Crichlow ikasema kwamba mechi imefutwa kwa makubaliano ya pande zote, na kwamba kesho, kwa furaha ya mashabiki, utachezwa mchezo wa siku moja. Makubaliano yenyewe, tulikuja kujua, yalifanyika hemani wakati wa supu. Hata ningeinua lango lile kwa meno, ilikuwa imekwisha. Mjomba hakuwemo kwenye timu ya siku moja.

Bibi hakulia. Alifunga vyombo vya chakula, kimoja kimoja, akasema, "Hata mbwa huambiwa toka."

Mjomba aliteremka uwanjani bila viatu. Hapo ndipo alipomkuta yule kambare. Bwana Crichlow alikuwa anamfuata kwa uangalifu, akiruka madimbwi, suruali ameikunja.

"Hardat, ndugu yangu, pole sana. Unajua tena mambo ya mvua. Sasa, ile kofia... kwa kuwa mechi haihesabiki, unaelewa. Atapewa mwingine."

"Naelewa, bosi," alisema Mjomba.

Akavua kofia, akainama, na kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayeokota yai, akamweka kambare ndani yake. Akaikabidhi. Kambare alipiga mkia mara moja kwenye shati la Mwenyekiti.

Kesho yake mchezo wa siku moja ulichezwa chini ya jua zuri, na Bwana Crichlow akaisifu redioni mifereji ya mji wetu.

Barua ya malalamiko ilifika shuleni kabla yangu. Padri Menezes alinisimamisha mbele ya meza yake. "Lango ni wewe?"

"Ni mimi, Padri."

"Na samaki?"

Nilifikiri juu ya kidole kile kikizunguka hewani, na juu ya kamati isiyosahau jina la aliyeiudhi.

"Na samaki, Padri. Nilimshawishi Mjomba."

Alinitazama kama anayejua. Niliosha vyoo vya bweni hadi mwisho wa muhula, na sikuwahi kuoga kwa bidii kiasi kile.

Hawakumwita tena Mjomba. Septemba alikuja kunitembelea siku ya wazazi, tukapita uwanjani. Geti lilikuwa wazi, hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limepasua udongo wa katikati, nyufa za kuingiza kidole, za kuupindisha mpira unapodunda, uwanja ambao mrushaji wa aina yake huuota maisha yake yote. Mjomba alichuchumaa, akazipapasa. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akanipa.

"Rusha."

"Unachagua upande gani, Mjomba?"

"Sichagui," alisema. "We rusha tu. Nataka niione inaanguka."