Wageni wa Gari

Fundi miwani alipotangaza mtandaoni kwamba anauza gari lake, hakufikiria kwamba watu wangekuja kukaa. Lilikuwa gari la mbio la Kijapani, la milango miwili. Yeye na kaka yake walilishusha likaribie ardhi, wakalifungia turbo kubwa ya kuongeza nguvu na eksozi ya kuamsha mtaa mzima. Kisha kaka akahamia ng'ambo na familia yake, mama yao akafariki, na fundi akabaki peke yake katika nyumba ya familia. Kuliendesha bila mtu wa kupiga naye kelele hakukuwa na ladha.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu wa hesabu, siku ya Jumamosi. Walifungua boneti wakaongea mpaka jua likapinda. Fundi akachemsha chai, akahangaika kutafuta vikombe viwili vinavyofanana. Mwalimu alipotaja bei nzuri, fundi alijikuna kichwa.

"Ngoja nifikirie kwanza, ndugu yangu."

Akaja dereva wa lori. Akaja kinyozi mcheshi, aliyejibwaga kwenye kiti cha dereva akasema, "Hiki kinanikumbatia kuliko mke wangu!" Nao wakaambiwa wangoje. Huyu mkono wake mzito kwenye gia, yule atalipaka rangi ya ajabu. Anayetafuta sababu hazikosi.

Dada yake mdogo alicheka kwenye simu aliposimuliwa, kisha akauliza.

"Kaka, wewe unauza gari au unatafuta wageni?"

"Maneno gani hayo? Bei haijafika tu."

Alikata simu kwa hasira, maana alikuwa ameguswa penyewe.

Ndipo akaja mwanamke mchomeleaji, amevaa ovaroli, pamoja na mumewe. Hakupiga domo. Alilala chini, akachungulia uvunguni, akagonga eksozi kwa ukucha.

"Nani alichomelea hapa?"

"Kaka yangu."

"Ana mkono mzuri."

Kati ya wote waliokuja, hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Mama yule alikubali bei bila kupunguza hata kidogo, na fundi akatafuta sababu ya kumkatalia, akaikosa.

"Basi chai kidogo, dada, kabla hamjaondoka."

"Siku nyingine, kaka. Tumeacha watoto."

Fundi alisimama getini mpaka mngurumo wa gari ukapotelea mbali. Ndani aliosha kikombe kimoja.

Jumamosi iliyofuata alipiga pasi shati akalivaa, ingawa hakuna aliyesema anakuja. Simu ikaita. Alikuwa yule mchomeleaji.

"Kaka, asubuhi linatetemeka kabla halijapata moto. Ni nini hicho?"

Fundi akavuta kiti, akaketi sawasawa. Akamuuliza kuhusu moshi, sauti, mafuta. Ilibidi hatimaye aseme.

"Plagi tu hizo, dada. Zitoe uzisafishe."

"Basi?"

"Basi."

"Haya, asante sana. Kazi njema."

Fundi alibaki ameishika simu mkononi. Laiti tatizo lingekuwa kubwa kidogo.