Watumishi Wasiojua Kukaa

Arzella Pettway alikuwa barazani anavua viatu, kwao karibu na Barabara ya Central, Los Angeles, mtumishi mwingine alipoingia getini. Alivaa aproni na kitambaa cha kichwa, naye alikuwa wa kijivu mwili mzima, maana filamu za siku zile hazikuwa na rangi. Sura ilikuwa ya Arzella mwenyewe.

"Mama, kaja mwingine."

"Mwambie afute miguu," Bi Odessa akajibu kutoka jikoni.

Arzella aliigiza watumishi katika filamu za majumba ya Wazungu. Alileta chai, akacheka, akasema "ndiyo, bibi", akatokea mlango wa nyuma. Waandishi hawakujisumbua kueleza mtumishi huyo anakaa wapi. Basi aende wapi tena? Kila Arzella alipomaliza kumwigiza mmoja, mtumishi huyo alitoka kwenye filamu akaja kwake.

Kwenye filamu wote waliitwa Mandy, kwa hiyo Bi Odessa aliwapa majina ya dada zake marehemu. Aliwapakulia mboga na mkate wa mahindi. Walikula vizuri, ila wima, wameegemea ukuta. Hakuna aliyeandikiwa kukaa, na magoti yao hayakujua kiti. Bi Odessa aliwavuta mikono, akawasukuma mabega. Wapi!

Yeye mwenyewe alisimama majikoni mwa watu tangu usichana, mpaka miguu ikavimba.

"Sijakuona umekaa kwenye filamu hata mara moja, mwanangu," alisema. "Nataka nikuone kabla sijafa. Hata kidogo tu."

Maneno hayo yalimchoma Arzella. Asubuhi alimfuata mwongozaji wa filamu.

"Bwana, kwenye onyesho la leo, nikishambembeleza bibi mwenye nyumba, naomba nikae."

"Ukae? Kwa nini?"

"Mtumishi kachoka."

Bwana yule alicheka mpaka akakohoa. "Haya, kaa. Lakini upesi!"

Mbele ya kamera Arzella akavuta kiti kwenye meza ya bibi, akakaa, akashusha pumzi. "Na mimi nina mama nyumbani," akasema.

Jioni yake alikuja mtumishi wa filamu hiyo, na Bi Odessa akamwita Luvenia. Alifuta miguu, akavuta kiti, akakaa. Wenzake walimzunguka wakimpapasa magoti. Bi Odessa alilia waziwazi.

"Kaa, Luvenia, kaa! Kula polepole, hakuna anayekuita."

Tangu hapo kila alasiri Luvenia alikaa na Bi Odessa, wakimenya njegere.

Filamu ilipotoka, Bi Odessa alivaa kofia yake ya Pasaka, wakaenda sinema, wakapanda orofani walikowekwa watu weusi. Mtumishi alileta chai, akacheka, akatoka. Kiti hakikuonekana. Wenye kumbi za sinema za majimbo ya Kusini hawakutaka mtumishi mweusi akae mezani pa bibi, na studio ilishakipitishia mkasi kipande hicho.

Waliporudi, Luvenia alikuwa wima ukutani na wenzake, bakuli la njegere mkononi. Alikitazama kiti kama mtu aliyesahau jina.

Bi Odessa alivua kofia, akapakua chakula, akaketi mezani. Kisha alichukua sahani yake, akashika meza, akainuka.

"Mama, kaa bwana! Miguu yako!"

"Niache. Wageni hawali wima peke yao nyumbani kwangu. Sogea huko."

Arzella akasogea. Wakala wote wima, bega kwa bega.

"Na kesho umwombe tena yule bwana kiti."

"Watakikata tena, mama."

"Najua. Nipe chumvi."