Namba ya Kituo cha Tatu

"Mbona unaandika? Sijawasha hata mashine!"

Nilimfokea Levis, na sioni haya kusema hivyo, kwa maana mimi kazi ya ubabaishaji huniwasha. Levis ni nesi, mkaaji wa mtaa wa Muaither, na hiyo ilikuwa Ijumaa yake ya kwanza kujitolea nasi bwawani. Akanitazama kwa mshangao.

"Si umesoma, Kwamboka? Kituo cha tatu, mbili nukta moja. Nikarudia, ukasema niandike." Akacheka kidogo. "Na hiyo sauti nzito, una mafua?"

Mwezi wa sita, Doha, jua limeshachomoza na shati limegandamana na mgongo. Aki ya Mungu, nilisikia baridi.

Kazi yenyewe si ngumu. Tunapima hewa iliyomo majini, kwa sababu bata wa porini waliotoweka hapa wanatakiwa kurudishwa. Hewa ikishuka chini ya nne, maji huoza kule chini, na bata hulegea shingo wakafa. Mmoja anatumbukiza mashine na kusoma namba kwa sauti. Mwenzake anairudia. Wa kwanza anasema "andika," ndipo inaandikwa. Namba isiyorudiwa hupimwa upya. Fiona, msimamizi wetu, alitufundisha hivyo, na Oloo akaishika sheria hiyo kama Amri Kumi.

Oloo alikuwa mwenzangu, mlinzi wa jengo moja mjini. Alisimama mbali na ukingo, akitumbukiza mashine kwa kamba. Nilikuwa nikimtania, "Mjaluo gani wewe unaogopa maji?" Naye hanyamazi: "Na wewe Mkisii, hasira zote hizo umeachiwa na nani?"

Ijumaa moja ya mwezi wa tano nilitoka zamu ya usiku kwenye udobi wa hoteli, kule The Pearl, nimechoka kama punda. Nikamwambia, "Enda tu. Utanipigia, usome, nami nitarudia kwa simu. Nani atajua?" Vituo viwili nilirudia nikiwa kitandani. Kisha usingizi ukanibeba. Nilipoamka, nilikuta amenipigia mara tisa.

Nilikimbia bwawani, nikamkuta ameshatolewa majini, amefunikwa shuka. Fomu ilikuwa ukingoni chini ya jiwe, kituo cha tatu, cha mwisho, hakijajazwa. Nikajaza sita. Nikaweka sahihi yangu pale pa aliyerudia. Woga, basi, sina neno jingine.

Waliosoma fomu wakaona kazi ilikwisha salama, watu wawili, kisha mmoja akabaki kuogelea. Ndivyo ripoti ilivyosema. Emily, mkewe, akaniandikia kutoka Ugenya, kwao Kenya: "Dada, Oloo hakujua kuogelea. Aliingia majini kufanya nini?" Mwezi mzima sikumjibu, na mwezi huo mzima bwawa lilifungwa.

Jibu nilikuwa nalo. Namba haikurudiwa. Alikuwa akipima upya, na kila mara akisogea mbele kidogo, akidhani labda mashine inakosea.

"Futa," nikamwambia Levis. "Tunaanza tena."

Bata walikuwa waletwe kesho yake, kwa kutegemea ile sita yangu. Nikatumbukiza mashine. Ikasoma mbili nukta moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa nimeshaizoea.

"Kituo cha tatu," nikasema. "Sita nukta mbili."

Levis alifungua kinywa arudie. Sauti ikamtangulia, ikitoka kwenye matete.

"Kituo cha tatu. Mbili nukta moja."

Kisha kimya, kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa. Levis alikuwa akitazama mdomo wangu, nao ulikuwa umefungwa. Hakuna tete lililotikisika.

"Kituo cha tatu. Mbili nukta moja."

Safari hii ilitoka mbele ya matete, juu ya maji yenyewe. Ya tatu ilitoka mbele zaidi. Ile sauti ya upole, bila kulalamika, ilikuwa inaelekea kwenye kina.

"Mbili nukta moja!" Nilipiga kelele hadi koo likauma. "Mbili nukta moja, Oloo, nimesikia! Simama hapo hapo! Usiende mbele, tafadhali!"

Maji yalitulia. Nilikuwa nalia kama mtoto. Kisha, karibu kabisa, pale ukingoni tuliposimama:

"Andika."

Levis aliinua kalamu. "Niandike nini?"

"Andika mbili nukta moja. Umpigie Fiona, wasilete bata. Mwambie ile fomu ya mwezi wa tano ni ya uongo, na jina langu alifute. Sikuwepo."

Kwa Emily nilipiga mwenyewe. Alipokea upesi, watoto wakipiga kelele nyuma yake, akauliza kama kuna habari yoyote. Nikamwambia mumewe hakuingia majini kuogelea. Aliingia akinisubiri mimi.