Vikokotoo Viwili

Vikokotoo vilikuwa viwili. Fundi simu aliitazama tena simu ya mkewe, akahesabu upya kama mtu asiyejua moja na moja. Kimoja kilikuja na simu. Cha pili, eh, cha pili alikijua vizuri mno, maana kazi hiyo aliifanya yeye mwenyewe kila wiki.

Wanawake walimjia kibandani wakisema kwa sauti ya chini, "Fundi, nifichie meseji zangu. Nyumbani hakuna usalama." Naye aliificha programu ya ujumbe nyuma ya sura ya kikokotoo. Ukiandika namba ya siri, inafunguka. Usipoijua, inajumlisha tu kama kikokotoo kingine chochote. Aliwahurumia kwa dhati. "Mwanaume gani huyo anayemkagua mkewe?" alikuwa akisema, huku akipuliza vumbi kwenye tundu la chaji.

Sasa mkewe yuko uani anaanika nguo, simu iko mkononi mwa fundi, na wivu unamkereketa maini. Wivu wa kwanza ulikuwa wa mwanaume asiyemjua. Wa pili, msicheke, ulikuwa wa kazi: ni fundi gani aliyeishika simu hii? Bila shaka Mrefu, aliyejifunza ufundi kwake na sasa ana kibanda ng'ambo ya barabara na wateja kibao. Simu aliinunua yeye. Aliibamiza ukutani yeye, mwaka jana, na aliyeibadilishia kioo ni yeye huyohuyo. Leo inapelekwa kwa Mrefu.

Alijaribu siku ya kuzaliwa mtoto. Ikajumlisha. Akajaribu mwaka wa ndoa yao. Ikajumlisha. Ndipo akakumbuka kwamba wateja wote yeye huwawekea 7070, akawaambia wakabadilishe wakifika nyumbani, nao husahau. Mrefu alirithi hata uvivu wake. Akaandika 7070.

Ikafunguka.

Alikuwa tayari kwa jina la mwanaume. Alikwisha kumchagulia hata sura. Kumbe mle ndani mlikuwa na mtu mmoja tu, dada yake yeye fundi, wa tumbo moja.

"Wifi, leo kanuna tangu asubuhi," mkewe aliandika.

"Mlango uko wazi. Mchukue mtoto mje."

"Ngoja kwanza. Akipata wateja hurudi mzuri."

Siku nyingine: "Leo kacheka na mtoto. Nimelala usingizi."

Na jana: "Begi letu bado lipo?"

"Lipo. Nimeongeza na sweta la mtoto."

Alipandisha juu, akashusha chini, akimtafuta mwanaume. Haki ya Mungu, angemkuta angeshukuru. Wivu ulikosa pa kwenda, kisha ukamgeukia dada yake. Yeye ndiye aliyejua ni siku gani mkewe alilala usingizi.

Mkewe aliingia na beseni tupu. Akaiona simu.

"Nilikuwa natazama saa," fundi akasema.

"Sawa," mkewe akajibu, kwa upole uliozidi. Beseni hakulitua. Akageuzia uso upande wa chumbani. "Mwanangu, vaa viatu. Tunakwenda kwa shangazi yako."

"Kimoja sikioni," mtoto akasema kutoka ndani.

Kilikuwa chini ya kiti cha fundi. Aliinama, akakitoa, akamnyooshea mkewe. Alitaka kusema neno, lolote lile, lakini kila lililomjia lilianza na "kwa nini". Mkewe hakubanduka pale mlangoni.

"Kiweke chini," alisema. "Kisukume tu."

Akakiweka sakafuni, akakisukuma. Kilifika katikati ya chumba, kikakomea hapo.