Unga Mweupe Chini ya Rangi

Tangu saa mbili asubuhi Monicah alikuwa amelala chali chini ya bawa la kushoto la ndege, shingo imemkaza, jasho likimwingia machoni. Hangari ya Malindi ilikuwa na joto la tanuri. Ndipo akaona mahali rangi ilipovimba, kando ya skrubu, kivimbe kisichozidi punje ya mahindi.

Alitamani kukipita. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa fundi wa ndege pwani, na magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Lakini mkono ulishazoea. Akakikwaruza kwa kijiti, rangi ikapasuka, na unga mweupe ukamdondokea shavuni.

Ndege haishiki kutu nyekundu kama bati la nyumba. Chumvi ikiipata huila kimyakimya, na kinachobaki ni unga kama wa muhogo. Monicah akajikokota, akafungua kifuniko, akamulika ndani. Boriti kuu, ile inayolishikilia bawa zima, ilikuwa imeachana tabaka kwa tabaka kama kitabu kilichonyeshewa. Akaingiza ncha ya kisu. Kikazama.

Akakaa sakafuni. Hakuhitaji kuambiwa kwamba uharibifu wa namna ile hauji kwa miezi michache. Mwaka uliopita ukaguzi huu huu aliufanya yeye. Wiki hiyo mamake alikuwa amelazwa Kilifi, naye alikuwa akienda na kurudi kila siku, hajui usiku wala mchana. Skrubu za kifuniko hiki zilikuwa zimeng'ang'ania. Alijaribu mbili, akachoka, akaacha. Kisha akaandika kwenye daftari la ndege: kimefunguliwa, hakuna dosari.

"Mama Monicah, salama?" Alikuwa Ngumbao, rubani, ameshavaa shati lake jeupe. "Daktari yuko njiani na chanjo zake. Saa nane tuondoke?"

"Haiondoki, mwanangu. Njoo utazame."

Ngumbao akainama, akatazama.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, au kabla. Mimi sikufungua. Niliandika nimefungua."

Alidhani atafoka. Ngumbao alijishika tu kwenye gurudumu, kama mtu aliyetindikiwa na pumzi. "Krismasi nilimpandisha mke wangu Hannah na mtoto," alisema. "Tulipigwa na upepo mbaya juu ya Kilifi. Nikawa nawachekesha." Akatoka nje bila kuaga.

Monicah akaenda ofisini kwa Thuku, msimamizi wa kampuni, akamweleza yote. Thuku alisikiliza huku akisugua macho. Yeye naye alionekana mtu asiyelala vizuri.

"Ndege isimame, hilo sawa," alisema. "Lakini hayo ya mwaka jana ya nini? Chumvi ya huku unaijua. Andika imeanza mwaka huu. Umebakisha miaka minne ustaafu, Monicah."

"Nikiandika hivyo, ile ndege yetu ya pili haitafunguliwa. Niliikagua wiki ile ile."

Thuku alifungua daftari la ndege. Alimsogezea kalamu.

Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, na jina lake lote. Hakujiona shujaa. Alijiona kama mtu aliyebeba gunia mbali, ambaye hata akilitua bega bado linamuuma.

Ndege ya pili ilifunguliwa kesho yake. Nayo ilikuwa imeanza kulika, ila kidogo, ikatengenezeka. Bawa la ile ya kwanza lilipelekwa Nairobi, na huko wakakuta ufa ambao Monicah hakuuona, umekata zaidi ya nusu ya boriti. Leseni yake ilisimamishwa miezi sita. Thuku alimwandikia barua ya kumwachisha kazi, akaileta nyumbani mwenyewe, akanywa chai naye.

Kwa majuma mengi Ngumbao hakumpigia simu, wala Monicah hakumlaumu. Alishinda nyumbani akimwogesha mamake, akilala mchana, akiamka bado amechoka.

Jumapili moja simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Ngumbao."

"Nimepata kazi kampuni nyingine," alisema. "Ndege yao ni kuukuu, na inalala nje, karibu na bahari. Sijakusamehe, nisikudanganye. Lakini nataka kujua nikague wapi kabla sijaruka."

Monicah aliketi kitandani.

"Una karatasi?"

"Ninayo."

"Basi andika. Anza kwenye bawa, kwa chini, pale maji ya mvua yanapotuama..."

Walizungumza mpaka simu ya Monicah ikaisha chaji.