Firigisi ya Kuku wa Tirza

Kwa miaka miwili mjukuu wangu Tirza hakula mezani kwangu. Si ugomvi, ni kuku. Yeye na wenzake, wote vijana wa Kiyahudi, wanalima shamba huko milimani, na wameapa hawali mnyama aliyeteswa. Kuku wa dukani, hata akichinjwa kwa sheria yetu, kwake yeye hajaona jua. "Rabi kaangalia kisu, Bibi. Maisha yake kayaangalia nani?" Nami kwa ukaidi wangu nikasema Ijumaa bila kuku si Sabato. Basi, tangu babu yake afe, nikawa nakula peke yangu, naongea na sufuria.

Ijumaa moja ya Novemba akaja saa tano asubuhi, kuku mkononi. Wamemfuga wenyewe, na mwenzao Zelig, aliyesomea uchinjaji, ndiye aliyemchinja.

"Leo nalala hapa hapa, Bibi. Na huyu alikuwa na jina lake..."

"Usinitajie! Nitashindwa kummeza."

"Kumbe una huruma, kikongwe wewe."

"Nina njaa. Lete kisu."

Mimi sikusoma sana. Vita vilifunga shule nikiwa darasa la tatu. Lakini kumfungua kuku nilifundishwa na mama. Nikatoa maini, nikapasua firigisi. Kisu kikagonga chuma. Msumari mdogo, umezama kwenye nyama.

Tirza alikuwa anamenya karoti huku anaimba. Ningeweza kunyamaza. Mungu anisamehe, niliwaza hivyo mpaka nikajionea aibu.

"Tirza, njoo uniazime macho. Tazama upande wa nje wa firigisi. Ukiona tone la damu, msumari umetoboa, na kwa sheria kuku huyu hatumli. Usipoliona, tunapika."

Akaipeleka dirishani. Nilimwomba Mungu asione kitu. Tena nisifiche: nilitaka hata akiona aseme hapana.

"Lipo," akasema. "Dogo sana, Bibi. Lakini lipo."

"Una hakika?"

"Ulitaka nikudanganye?"

Nikakiosha kisu.

Akakaa. "Juzi tulitengeneza banda. Misumari ilimwagika, tukadhani tumeiokota yote." Mara akasimama. "Wenzangu wana kuku sita wa kula leo, wa banda lile lile! Na firigisi hawazipasui, wanazitupa kwenye mboji."

"Wapigie."

"Simu wamezifungia kabatini tangu asubuhi, kwa ajili ya Sabato."

Shambani ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na jua la Novemba halingoji mtu; likizama Sabato imeingia, na hatuendeshi gari mpaka iishe. Akienda, hawezi kuendesha kurudi mpaka kesho usiku. Alinitazama kama anayengoja nimkataze.

"Viazi vipo," akasema. "Naweza kubaki, tukala viazi."

Viazi! Miaka miwili ningeweza kumpikia viazi.

"Nenda," nikamwambia. "Wakazitafute huko mbojini, wapasue moja moja. Wakiwa na shaka, wasile."

Akanikumbatia kwa mikono yake yenye harufu ya karoti, akatoka mbio.

Kuku nilimpa mbwa wa jirani. Karoti nilizichemsha zote, nyingi mno kwa mtu mmoja, kisha nikawasha mishumaa ya Sabato. Mvua ikaanza. Barabara ya milimani ina kona, na yeye anaendesha kasi kama babu yake. Simu ilikuwa pale mezani, karibu na mkate, na siku ya Sabato siigusi.